Kuangika Daluga: Mlawi wa Miaka 50 na Mchezaji wa Miaka 45

Somo la vikundi vya nyumbani
Soma: Hesabu 8:23–26, Kumbukumbu la Torati 24:5, 1 Samweli 2:22–25

Wiki hii tuna swali ambalo wengi wetu huliuliza tukiwa tumeshachelewa: huu mzigo ninaoubeba nitauweka chini lini, na nyumba yangu itabaki na nini?

Tuanze na mtu aliyelijibu swali hili mara mbili mbele ya dunia nzima. Tom Brady alicheza kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha, unaofanana kidogo na raga. Alicheza misimu 23 na kushinda Super Bowl, fainali yao kubwa, mara 7. Hakuna mchezaji mwingine aliyefikisha hapo. Tarehe 1 Februari 2022, akiwa na miaka 44, alitangaza kustaafu. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amesema wazi kwamba mke wake huumia akimwona anagongwa uwanjani, na kwamba mke na watoto wana haki yao kwake. Lakini tarehe 13 Machi akarudi. Hesabu mwenyewe: siku 40.

Alisema kuna kazi hajamaliza. Msimu huo timu yake, Tampa Bay Buccaneers, ilishinda mechi 8 na kupoteza 9, kisha ikatolewa katika mechi yake ya kwanza ya mchujo. Msimu ukiwa bado unaendelea, tarehe 28 Oktoba, yeye na mke wake walitangaza kwamba ndoa yao ya miaka 13 imekwisha. Tarehe 1 Februari 2023, mwaka mmoja kamili tangu ile mara ya kwanza, alistaafu tena, sasa akiwa na miaka 45.

Hapa tuwe waangalifu. Mke wake mwenyewe alisema baadaye kwamba mpira ulikuwa sehemu ndogo tu ya jambo kubwa zaidi. Sisi hatukuwa nyumbani kwao, na kanisa sio baraza la umbea. Lakini jambo moja tunaliona wote: hata mtu aliyeshinda kila kitu huona vigumu kushuka. Kama yeye alipata shida, mimi na wewe ni nani?

1. Mungu aliweka kikomo cha mzigo, sio cha utumishi.
Katika Hesabu 8, Mlawi alianza kazi ya hema akiwa na miaka 25. Akifika 50, aliacha ile kazi nzito. Angalia vizuri: hakufukuzwa. Aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Mwenye kuweka umri huo ni Mungu, sio Mlawi, kwa sababu Mungu anajua hakuna mtu anayejiona amechoka wakati watu bado wanamshangilia. Kushuka basi sio kushindwa. Ni utii.

2. Timu ina mchezaji wa akiba, nyumbani hakuna.
Nilisomea biashara, na somo moja halijanitoka: gharama ya kitu sio pesa ulizotoa tu, ni pamoja na kile ulichoacha ili ukipate. Ile safari ya ziada ya lori kutoka Mombasa hadi Malaba ina bei yake ofisini, na ina bei nyingine nyumbani ambayo haiandikwi kwa risiti. Kampuni ikikukosa itatafuta dereva mwingine. Mtoto wako hatatafutiwa baba mwingine. Ndiyo maana Kumbukumbu 24:5 inamwondolea mume mpya vita kwa mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mke wake. Kumbe hata jeshi la Israeli lingeweza kumkosa, mke hangeweza.

Sisemi uache kazi. Karo haijilipi. Nasema uweke kikomo mapema. Serikali inastaafisha watumishi wake wengi wakiwa na miaka 60, lakini mtoto wa miaka 8 hangoji ufike 60.

3. Eli alipata habari za wanawe kutoka kwa watu.
Eli aliwaamua Israeli miaka 40. Wanawe walitumika mahali pale pale alipotumika yeye, na bado maovu yao aliyasikia kutoka kwa watu. Akawakemea, lakini ilikuwa kuchelewa. Mzazi, ukianza kupata habari za mtoto wako kutoka kwa jirani au mwalimu, hiyo ni kengele.

Na hii tuseme tukiangaliana machoni, viongozi: wengine wetu tumeshika idara moja miaka mingi, kila kesha tupo, kila kamati tupo, na hakuna kijana tuliyemfundisha. Tunaita hiyo uaminifu. Wakati mwingine ni hofu kwamba bila kiti hicho sisi si kitu.

Maswali ya kujadili
1. Ni mzigo gani unabeba ambao mwingine angeweza kuubeba? Nani unamfundisha?
2. Mwenzi wako amekwambia nini mwaka huu kuhusu kazi yako? Mwulize leo, kisha sikiliza bila kujitetea.
3. Ndugu wasio na mwenzi wala watoto: ni nani nyumbani kwenu anayengoja muda wako?

Ombi la wiki
Bwana, tufundishe kushuka wakati wewe unasema, sio wakati mashabiki wanaondoka. Turudishe nyumbani tukiwa bado na nguvu za kupenda. Katika jina la Yesu, amina.