Redio Isiyofikiwa na Fundi

Redio ya nyumbani ikiharibika twaipeleka kwa fundi. Huifungua, akaunga waya uliokatika, nasi tukamlipa tukaenda zetu. Lakini redio iliyomo katika chombo kilichorushwa angani, ni fundi gani atakayeifikia?

Mwaka 1997 chombo kiitwacho Cassini kilirushwa kutoka Marekani kwenda kwenye sayari ya Zohali. Kilibeba chombo kidogo cha Ulaya, Huygens, ambacho kazi yake ilikuwa kushuka juu ya Titan, mwezi mkubwa wa sayari hiyo. Huygens ingetuma habari kwa redio, na Cassini ingezipokea na kuzipeleka duniani. Mwaka 2000, safari ikiendelea, mhandisi Boris Smeds wa Shirika la Anga la Ulaya alishikilia kwamba redio hiyo ijaribiwe. Kutoka California zikatumwa alama za kuigiza zile za Huygens. Cassini haikuweza kuzisoma sawasawa.

Sababu yake ni jambo ambalo kila msomaji amelisikia kwa masikio yake. Gari lijapo mbio likipiga honi, sauti huwa nyembamba. Likishapita, huwa nene. Mawimbi ya redio nayo ni vivyo hivyo. Cassini ilikuwa iikaribie Titan kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 5 kwa sekunde, kwa hiyo alama zingepokelewa kwa haraka kidogo kuliko zilivyotumwa. Redio iliweza kufuata badiliko la wimbi lenyewe, bali si badiliko la mpigo wa alama zilizochukuliwa na wimbi hilo. Dawa ilikuwa kubadili tarakimu chache tu. Lakini tarakimu hizo zilifungiwa ndani ya mtambo, wala hazikuweza kubadilishwa kutoka duniani. Ikabidi ibadilishwe njia ya chombo kizima, kipite kama kilometa 60,000 kutoka Titan badala ya 1,200, ili kisiielekee Huygens moja kwa moja. Huygens ilitua salama tarehe 14 Januari 2005.

Siku hizi redio nyingi za angani hutengenezwa kwa namna nyingine. Wimbi likishapokelewa hugeuzwa kuwa tarakimu, na kazi iliyobaki, ambayo zamani ilifanywa na vipande maalum vya mtambo, hufanywa kwa hesabu kwa kufuata programu. Ukitaka redio ifanye kazi tofauti, waipelekea programu mpya. Labda msomaji atauliza: programu mpya ikiwa na kosa, redio si itakuwa bubu? Yaweza kuwa hivyo. Ndiyo maana ni lazima iwepo programu ya akiba isiyoguswa.

Hata hivyo ikazuka shida ya pili. Kila kiwanda kilitunga programu kwa desturi yake, na iliyotungwa kwa redio moja haikufaa nyingine. Kwa hiyo NASA ilitunga kanuni ziitwazo STRS, nazo ni kanuni yake namba 4009. Haziamuru redio iwe na umbo gani. Huweka mpaka kati ya programu na mtambo, na amri zipitazo mpakani ni zile zile kwa redio zote: anza, simama, pokea kipimo hiki, eleza hali yako. Dereva aliyejifunza kwa lori moja huliendesha jingine, kwa kuwa usukani na breki vi mahali pale pale, ingawa injini si moja.

Mwezi wa Julai 2012 redio tatu, za General Dynamics, Harris na maabara ya JPL, zilirushwa kutoka Tanegashima, Japani, zikafungwa nje ya Kituo cha Anga cha Kimataifa. Mpaka mwaka 2019 zilikuwa zikipelekewa programu mpya kutoka duniani na kujaribiwa.

Kanuni hizi zina gharama. Mpaka huo hula nafasi ya kumbukumbu na umeme, navyo angani hupatikana kwa kipimo. Jeshi la Marekani lilikuwa na kanuni zake kabla, lakini zilionekana nzito mno kwa vyombo vya angani. Tena si kila programu huhama kwa urahisi: sehemu inayopanga njia za umeme ndani ya vipande vya mtambo haina budi kurekebishwa kwa mkono. Kwa sababu hiyo STRS humtaka mtengenezaji aandike maelezo ya mtambo wake na kuyakabidhi. Mimi naliona sharti hili kuwa la maana kuliko yote, kwani Huygens ilisafiri miaka saba, na katika muda kama huo aliyetunga programu huenda amekwisha acha kazi.