Esanse na umeme: pikapu inakula fedha gani?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza fedha za nyumba, katika ukurasa huu tumekwisha kusema mara nyingi juu ya kofia, viatu na vumbi la mgodini. Leo tunataka kusema juu ya bidoni. Ni lile bidoni la lita 20 linalosimama nyuma ya mlango wa nyumba, linalonuka esanse, ambalo watoto wanaliruka wakienda kulala. Tunauliza: kama gari lingetembea kwa umeme badala ya esanse, yaani petroli, ungelipa kidogo au ungelipa zaidi? Vijana wanajibu kwamba umeme ni kama bure. Wazee wanajibu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Pande zote mbili hazijashika kalamu. Sisi tuishike.

Pikapu ya esanse yenye mzigo, katika njia ya matope kutoka Sake hadi Masisi na kuendelea mpaka Nyabiondo, haili sawasawa na ile inayopita kwenye lami. Tuseme inakula lita 15 kwa kilometa 100. Kama yako inakula 12 au 18, andika ya kwako. Bei ya lita huku kwetu haina makao: inapanda mvua ikiharibu barabara, inapanda vizuizi vikiongezeka njiani, inapanda kabisa vita vikiwaka. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme dola 2 kwa lita. Mara 15 ni dola 30. Hiyo ndiyo bei ya kilometa 100 kwa esanse.

Sasa pikapu ya umeme. Umeme haupimwi kwa lita, unapimwa kwa kilowati-saa. Kilowati-saa moja ni umeme unaoliwa na pasi ya wati 1000 ikiwaka kwa saa moja. Katika Novemba 2025 kampuni ya Toyota ilitangaza Hilux ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 59,2, ikasema itakwenda karibu kilometa 240 kabla ya kuchajiwa tena. Ukigawanya unapata kilowati-saa 25 hivi kwa kilometa 100. Lakini hicho ni kipimo cha watengenezaji, nao hawakupima na matope ya Masisi. Weka 30. Tena, wakati wa kuchaji sehemu ya umeme inapotea kwa kugeuka joto, basi weka 35. Umeme ukiuzwa dola 0,25 kwa kilowati-saa, kilometa 100 ni dola 8,75.

Dola 30 na dola 8,75! Tofauti hii inatoka wapi? Inatoka ndani ya injini. Injini ya esanse inachoma lita nne, na ni kama lita moja tu inayosukuma magurudumu. Nyingine tatu zinatoka kama joto kwenye maji ya radieta na bomba la moshi. Mota ya umeme haina tabia hiyo. Karibu yote unayoipa inaigeuza kuwa mwendo. Haihitaji kubadilishiwa mafuta ya injini, haina plagi wala chujio la esanse.

Lakini usikimbie kushangilia, ndugu. Tuliandika dola 0,25 kana kwamba kuna waya unaopita mbele ya nyumba yako. Je, upo?

Katika Kivu ya Kaskazini kuna umeme wa maji. Mtambo wa Matebe, katika Rutshuru, ulifunguliwa Desemba 2015 nao unatoa megawati 13 na zaidi. Nyaya zake zilipelekwa mpaka Goma. Mtambo mdogo wa Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza kazi mwaka 2013. Nyaya hizo hazijafika Nyabiondo. Na hata palipofika waya, vita vinaweza kuukata: Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, mji ulikaa gizani na bila maji ya bomba.

Basi mtu wa Nyabiondo atasema, nitachaji kwa jenereta. Turudi kwenye karatasi. Jenereta ndogo ya mazutu inatoa kilowati-saa 3 hivi kwa kila lita. Ili upate 35 unahitaji lita 12 karibu. Mazutu nayo ikiwa dola 2, ni dola 24. Ongeza mafuta ya injini ya jenereta, ongeza chujio, ongeza uchovu wa mashine yenyewe. Ile tofauti nzuri imekwisha kuliwa. Tena gari la umeme ni ghali zaidi kulinunua, kwa hiyo kwa jenereta hutarudisha fedha zako kamwe. Moshi umeutoa kwenye gari ukauhamishia nyuma ya nyumba, basi.

Makampuni ya madini ya nchi yetu yalilijua jambo hili mapema. Katika Katanga mtambo wa maji wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Huko Kalima, katika Maniema, wachimba bati walitumia mtambo wa maji wa Lutshurukuru. Hawakufanya hivyo kwa kupenda maporomoko. Walijua kwamba mafuta yanayosafiri mbali yanafika yakiwa yamelewa bei. Angalia mgodi wa Bisie katika Walikale: mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, na kwa miaka mingi mitambo yake imetegemea jenereta za mazutu zinazoletewa mafuta kwa malori. Barabara ikifungwa, mgodi unahesabu siku.

Jua je? Jua linalipa, ila linahitaji nafasi. Kwa mawingu yetu, paneli moja ya wati 400 inatoa kama kilowati-saa 1,4 kwa siku. Ukitaka kuchaji hizo 35 kila siku, panga paneli 25 juu ya bati, na utafute betri nyingine za kuweka umeme wa mchana kama gari lako linarudi jioni. Kwa ushirika wa wachimbaji au kwa kituo cha afya, inaweza kufikiriwa. Kwa mtu mmoja mwenye pikapu moja, bado.

Kuna jambo ambalo milima ya Masisi ingelipenda. Gari la umeme likiteremka, mota inageuka kuwa dinamo: inashika magurudumu na kurudisha umeme ndani ya betri. Katika machimbo ya mawe karibu na mji wa Biel, nchini Uswisi, lori la Komatsu lililogeuzwa la umeme lilianza kazi mwaka 2018. Linapanda mlima likiwa tupu, linateremka limebeba tani 65 hivi za mawe, na kwa mteremko huo linajaza betri yake mpaka karibu halihitaji kuchajiwa. Ninyi madereva mnaoteremka kuelekea Sake na mzigo wa magunia mnajua harufu ya breki zilizoungua. Gari la namna hiyo linatumia breki zake kidogo sana. Lakini lisikudanganye: betri ikiwa imejaa pomoni juu ya mlima, haina mahali pa kupokea, na mota haitakushikia kama kawaida. Teremka polepole kama siku zote.

Mtu akituuliza leo aanzie wapi, tutamwambia asianze na pikapu. Aanze na kitu chepesi. Pikipiki ya umeme inakula kilowati-saa 4 au 5 tu kwa kilometa 100. Paneli nne za wati 400 zinaweza kuilisha kilometa 100 kwa siku. Huko Kigali pikipiki za abiria zimekuwa zikibadilishiwa betri katika vituo tangu mwaka 2019: unatoa iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unakwenda. Na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haiandikishwi katika mji huo kama si ya umeme. Ile ni lami, na vituo viko karibu. Sisi tuna matope mpaka kwenye magoti. Hesabu, hata hivyo, ni ileile.

Mpaka hapa tumehesabu dola. Ukurasa huu ni wa usalama na afya, basi tuhesabu na kile ambacho muuza esanse haandiki kwenye bei.

Kwanza bidoni. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kwa dirisha kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unafika kwenye jiko la makaa au koroboi katika chumba cha pili, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye bidoni. Mama, bidoni likae nje, kivulini, mbali na jiko, na kifuniko kifungwe. Usimimine usiku kwa mwanga wa mshumaa. Na wewe baba, acha kunyonya esanse kwa mpira na mdomo. Funda moja likiteremka kwenye njia ya pumzi linaweza kuunguza mapafu. Mtu au mtoto akiinywa, usimtapishe, usimlazimishe maziwa wala mafuta ya mawese. Mpeleke kituo cha afya upesi.

Halafu shimo. Hapa tunaomba msome polepole. Maji yakijaa katika shimo, wachimbaji wengine wanateremsha pampu ya esanse mpaka chini. Injini ile inatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, miguu inalegea, anataka kutapika, anadhani ni uchovu wa kazi; anakaa apumzike kidogo, wala hasimami tena. Mwenzake anateremka kumsaidia, naye anabaki. Injini yoyote ya esanse au mazutu isiingizwe shimoni, wala isiwekwe mlangoni mwa shimo ambapo upepo unaweza kuurudisha moshi ndani. Mtu akianguka chini, usimfuate kwa mbio: zima injini, ita watu, ingiza hewa safi, na anayeteremka afungwe kamba inayoshikwa na walio juu. Hapa ndipo umeme unapokuwa na thamani hata ukitoka kwa jenereta. Jenereta inakaa juu, mbali, upande ambao upepo haueleki shimoni. Waya mzima usio na viraka unateremka, na pampu ya umeme iliyotengenezwa kwa kazi ya majini inavuta. Kwa dola huenda hukuokoa kitu. Umeokoa watu.

Moshi wa mazutu nao, katika Juni 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Ndiyo maana migodi mikubwa ya chini ya ardhi inatumia fedha nyingi kuendesha feni za kuleta hewa safi na kufukuza moshi wa magari. Mgodi wa dhahabu wa Borden, nchini Kanada, uliofunguliwa mwaka 2019, ulipangwa tangu mwanzo utumie magari ya betri chini ya ardhi. Magari yale yaligharimu zaidi kuyanunua, lakini feni zinafanya kazi ndogo, na mfanyakazi anatoka na kifua chake.

Umeme nao una meno yake. Pikapu ya umeme inabeba volti 400 hivi au zaidi, si volti 12 za betri tuliyoizoea. Nyaya za nguvu hiyo zimefunikwa kwa rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Wewe fundi wa kijijini, hata kama mikono yako imefufua Land Cruiser mia, usikate wala usifungue waya wa rangi hiyo kama hukufundishwa. Na kabla ya kununua, uliza ni nani atakayelitengeneza likikwama kati ya Masisi na Nyabiondo, na betri mpya itagharimu kiasi gani. Watengenezaji wengi wanaidhamini betri kwa miaka 8, lakini dhamana hiyo ni kwa yule tu aliye na duka la kurudishia.

Betri ya pikipiki usiichaji chumbani mnamolala, wala kwenye njia ya kutokea nje. Iweke juu ya saruji au udongo, mbali na godoro, na tumia chaja iliyokuja nayo. Ikiwa imevimba, imepasuka au ilianguka majini, usiichaji tena. Ikianza kutoa moshi na kufoka, moshi ule ni sumu: usisimame kuuangalia wala kuokoa viti. Toa watoto kwanza, halafu ita majirani, na maji ya kuipoza yawe mengi sana, kwa maana betri ya namna hii inaweza kuzima na kuwaka tena baada ya saa nyingi.