FUNDISHO: Mashini ya kukata majani ni ya wote, lakini ipate mtu moja wa kuitunza



Msimu uliopita tulipanda kutembelea koperative moja ya wakulima wa kahawa. Nyuma ya depo tulikuta mashini ya kukata majani, ile ya kusukuma kwa mikono yenye moteri ya esansi, imelala chini ya shitingi. Ilikuwa imetumika miezi minne tu. Papa moja alituambia: "Ilizimika ghafla pale shambani, na sasa kamba haivutiki tena."

Tulipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, kilikuwa kikavu. Mwenye kukata Jumatatu alifikiri yule wa Ijumaa alitia mafuta. Yule wa Ijumaa alifikiri mtunza depo alitia. Mtunza depo alijua kazi yake ni kufungua na kufunga mulango. Ndani ya moteri pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, na bei ya kuitengeneza ilikaribia bei ya mashini mpya. Ile ilikuwa feza ya wanamemba wote.

Kosa lilikuwa letu pia. Tulipoleta mashini tulifundisha kuwasha na kuzima, hatukufundisha kutunza. Njo maana tumeandika hili fundisho. Wenye motopompe ao kinu cha unga chenye moteri ya esansi, nao wasome: moteri ni za namna moja.

Kazi yake na mipaka yake

Hii mashini inakata majani mafupi: katikati ya mistari ya kahawa ili tufunike udongo, kandokando ya meza za kukaushia, na kwenye kiwanja. Haikuumbwa kwa bingobingo ndefu. Majani yakipita magoti, tukate kwanza na panga, kiisha mashini ipite. Na mbele ya kuanza, tuokote mawe, vipande vya miti na waya. Jiwe likigongwa na kisu linaruka kama risasi, kwa hiyo watoto wakae mbali, na mwenye kusukuma avae viatu vya kufunika miguu.

Sheria ya kwanza: toa waya ya buji

Mbele ya kuweka mkono chini ya mashini, zima moteri, ngoja kisu kisimame, kiisha chomoa waya ya buji na uiweke mbali. Juu ya nini? Ukigeuza kisu kwa mkono, moteri nayo inageuka, na inaweza kuwaka mara moja. Vidole havina piesi ya kununua sokoni.

Ukiinamisha mashini, upande wa filtri ya hewa na karibirateri ubaki juu. Ukiinamisha vibaya, mafuta yanaingia ndani ya filtri na moteri inakataa kuwaka.

Mafuta ya moteri

Hii moteri ni ya mipigo mine. Mafuta yana mahali pake na esansi ina mahali pake. Hatuchanganyi sawa vile tunafanya kwa tronsoneze. Na mashini mpya mara mingi inafika bila mafuta ndani: tuangalie mbele ya kuvuta kamba siku ya kwanza.

- Kila asubui, mashini ikiwa baridi na mahali pa usawa, pima na kijiti. Mafuta yafike katikati ya alama mbili. Yakipungua, ongeza kidogo kidogo. Yakizidi nayo ni mabaya, moteri inatoa moshi.
- Kwa inchi yetu ya joto, mafuta SAE 30 yanafaa. Kama kitabu cha mashini kinasema namba ingine, tufuate kitabu.
- Moteri mpya: badilisha mafuta kiisha masaa 5 ya kwanza. Baadaye kila masaa 50. Kukiwa vumbi na joto mingi, kila masaa 25.

Tupige hesabu. Koperative inayokata masaa mawili, siku tatu kwa juma, inatumia masaa 6 kwa juma. Kiisha majuma mane ni masaa 24. Basi wakati wa jua na vumbi, tubadilishe mafuta mara moja kwa mwezi. Mashini ndogo inapokea karibu nusu litre tu. Tuweke nusu litre upande moja, na moteri nzima upande mwingine: tutaona bei gani ni nguvu kulipa.

Mafuta ya zamani tusimwange shambani wala mtoni. Tuyaweke ndani ya bidoni iliyofungwa.

Filtri ya hewa

Moteri inapumua. Filtri ikijaa vumbi, inakosa hewa, inakula esansi mingi na kutoa moshi mweusi. Filtri ya sponji tunaiosha na maji ya sabuni, tunaikausha, tunatia matone machache ya mafuta ya moteri, kiisha tunaikamua. Tusiioshe na esansi, ni hatari ya moto. Filtri ya karatasi haioshwi: tunaipiga polepole mkononi ili vumbi itoke, na ikiwa nyeusi sana tunanunua ingine. Hata siku moja tusitumikishe mashini bila filtri. Vumbi inakwangua silinda sawa vile mchanga unakwangua sufuria.

Buji

Fungua buji moteri ikiwa baridi. Rangi ya kahawia ni alama nzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, esansi imezidi hewa. Ikiwa na mafuta mafuta, moteri inakula mafuta, ao mashini iliinamishwa vibaya. Safisha na brosi ya waya. Nafasi ya kurukia moto iwe karibu milimetre 0,7 mpaka 0,8. Wakati wa kurudisha, anza kufunga kwa vidole, kiisha na ufunguo, bila kutumia nguvu mingi.

Kwa wenye kuishi vilimani: kila tukipanda mita 1.000, hewa inapungua uzito na moteri inapoteza karibu sehemu moja juu ya kumi ya nguvu yake. Ziwa Kivu peke yake liko karibu mita 1.460 juu ya bahari, na mashamba yetu mengi yako juu zaidi. Kama filtri ni safi na buji bado inakuwa nyeusi, fundi aangalie kama karibirateri inahitaji jigle ndogo zaidi. Na tusilazimishe mashini: tutembee polepole.

Esansi

Esansi inazeeka. Ikipita mwezi moja ndani ya tanki, inaanza kuacha gundi ndani ya karibirateri. Tununue ya kutosha majuma mawili ao matatu. Tukinunua kwa kadhafi wa barabarani, tuitie ndani ya chupa nyeupe na kungoja kidogo. Kama kuna maji, yatashuka chini na mstari utaonekana. Kiisha tuchuje na kitambaa safi. Tutie esansi moteri ikiwa baridi, mbali na moto na sigara. Tusiwashe moteri ndani ya depo: ndani ya moshi kuna gazi isiyo na harufu, nayo inaua.

Mashini ikienda kulala zaidi ya mwezi, tutoe esansi yote, kiisha tuache moteri itumike mpaka izimike yenyewe.

Kisu

Kisu butu kinararua majani na kuchosha moteri. Tukichomoe, tukinoe na tupa, pande zote mbili sawasawa, kwa kufuata mteremko wa kiwandani. Kiisha tukitundike kwenye musumari kupitia tundu la katikati. Upande moja ukishuka, ni muzito: tuunoe tena mpaka kisu kikae sawa. Kisu kisicho sawa kinatetemesha na kuaribu moteri. Wakati wa kurudisha, mabawa yake yaangalie juu, na bulo ikazwe sana. Kisu kilichopinda ao kupasuka hakinyooshwi na nyundo, hakipelekwi kwa sude. Kinatupwa.

Isipowaka, tufuate mpango huu

1. Esansi iko, ni mpya, na robine imefunguliwa?
2. Filtri ya hewa ni safi?
3. Tumevuta mara mingi: buji inatoka kavu? Esansi haifiki, tusafishe karibirateri. Inatoka imelowana? Esansi imezidi, ao moto wa buji haupo. Tukaushe buji, ao tujaribu buji mpya.
4. Ilizimika kiisha kugonga jiwe ao kisiki? Tufikiri klaveti, kale kachuma kadogo kanakoshika gurudumu la moteri. Kameumbwa laini ili kakatike kenyewe na kuokoa moteri. Tununue klaveti ya kweli. Fundi akiweka kipande cha musumari, jiwe lingine litavunja kitu cha bei zaidi.

Daftari na mtu moja

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Komite ichague mtu moja wa mashini, mama ao papa, na msaidizi wake. Mwingine asiiwashe mbele yule mtu hajapima mafuta. Daftari iandike: tarehe, jina la mwenye kutumia, masaa, mafuta yamepimwa, shida iliyoonekana. Mkutano mkubwa ukate pia mchango mdogo kwa kila saa ya kazi, uingie ndani ya sanduku la mafuta, buji na filtri.

Ile koperative ya mwanzo ilipata moteri ingine kwa mchango wa wanamemba. Leo daftari imefungwa na kamba kwenye mkono wa mashini, na kalamu yake. Tulipopita mara ya mwisho, mama mwenye kuitunza alitukataza kuivuta mbele hajapima mafuta. Tulingoja.

Maswali ya kuzungumza ndani ya kikundi

- Kwetu, nani alipima mafuta mara ya mwisho, na siku gani?
- Mashini yetu imetumika masaa ngapi tangu tulibadilisha mafuta?
- Buji ikikufa kesho, feza ya kununua ingine iko wapi?