Saratani, sindano na mgongo unaouma usiku

SWALI: Nina miaka 51, naishi Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilichukuliwa kinyama kwenye titi la kushoto, na majibu yametoka kuwa ni saratani. Nimepewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, tarehe bado wiki mbili. Kabla ya kipimo ule uvimbe haukuwa ukiuma hata kidogo. Sasa titi linachoma, na siku hizi mgongo unaniuma, hasa usiku. Shemeji anasema saratani ikishaguswa na chuma inachachamaa. Je, ni kipimo kilichoniharibia? Nivumilie hadi tarehe yangu? (Jina limehifadhiwa.)

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na la shemeji, maana ndilo linalowafanya wengi waikimbie hospitali. Sindano haikuichachamaza saratani yako. Ni kweli sindano inapotoka inaweza kuacha chembe chache kwenye njia yake, na madaktari wanalijua hilo tangu zamani. Kwa saratani ya titi, nyingi kati ya chembe hizo hufa zenyewe, na zinazosalia hukutana na upasuaji, mionzi au dawa. Yapo maeneo machache, kama korodani, ambayo daktari huepuka kuyachoma. Titi halimo. Tena kinyama hicho ndicho kinachoonyesha kama saratani yako inalishwa na homoni, hivyo kutibika kwa vidonge kama tamoksifeni. Bila hicho daktari angekutibu kwa kubahatisha.

Imani hii ya shemeji imetokana na kuchelewa. Wengi wetu hufika hospitali uvimbe umeshapasua ngozi. Mtu anachukuliwa kinyama, majibu yanakawia, nauli inatafutwa, mgonjwa anafariki. Majirani wanaikumbuka sindano, lakini ile miaka miwili ya uvimbe kufichwa chini ya khanga hakuna anayeihesabu.

Sasa titi. Sindano ya kuchukulia kinyama ni nene kuliko ya kuchomea dawa, na hupitishwa zaidi ya mara moja. Ganzi ikiisha, ndani pamejeruhiwa na damu huvilia, ngozi ikawa zambarau kisha manjano. Kwa wengi maumivu hayo hupungua siku hadi siku na kwisha ndani ya wiki moja au mbili. Yako yamefika wiki ya tatu, hivyo titi litazamwe. Pengine ni donge la damu ambalo halijayeyuka, pengine uvimbe wenyewe unavuta ngozi na mishipa ya fahamu. Ila titi likiwa jekundu na la moto, likitoa usaha, au ukipata homa ya nyuzi 38 na zaidi, hayo ni maambukizi na hospitali ni siku hiyohiyo.

Mgongo ndio unaonishughulisha zaidi. Mtu wa umri wako anaweza kuumwa mgongo kwa jembe, kwa ndoo ya maji, au kwa kulala upande mmoja akilikwepa titi. Lakini saratani ya titi inapohama hupenda mifupa, na uti wa mgongo ni mojawapo ya sehemu inazofikia mara nyingi. Maumivu yanayozidi usiku, yasiyotulia hata ukijinyoosha, na yanayopanda wiki hadi wiki, yanahitaji picha. Sisemi imeshafika huko. Nasema daktari anayepanga matibabu yako lazima alijue hili, kwa sababu picha hiyo inaweza kubadili mpango mzima. Eksirei huenda ikaanza, ingawa mabadiliko ya mwanzo inaweza kuyakosa, ndipo CT au MRI huhitajika.

Ukiona miguu inalegea au kufa ganzi, mkojo haushikiki au hautoki, ama maumivu yanakuzunguka kifuani kama mkanda uliokazwa, usingoje hata kupambazuke. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Akiwahiwa kwa dawa na mionzi, mgonjwa huweza kuendelea kutembea. Akicheleweshwa, miguu huenda isirudi tena.

Kuvumilia? Hapana. Kama huna ugonjwa wa ini, anza na panado za miligramu 500, mbili kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa saa 24. Angalia pia kama dawa yako ya mafua haina panado ndani yake. Diklofenaki ya dukani usijinunulie: inaumiza tumbo na figo, na huchangia kutokwa damu. Panado zikishindwa, daktari ana dawa kali zaidi hadi mofini ya maji, ambayo watu huiogopa wakidhani ni ya anayekata roho. Uganda wameitumia tangu 1993, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hunywewa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani hufunga choo kweli.

Chukua daftari la mtoto uandike hivi: usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane, mgongo, 7 kati ya 10, panado mbili, yakashuka hadi 4. Mistari mitano ya namna hiyo inamsaidia daktari kuliko kumwambia "naumwa sana".

Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa na karatasi zako zote, majibu ya maabara yakiwa juu. Ukiulizwa shida, yaseme mawili kwa pamoja: nina saratani ya titi, na mgongo umeanza kuniuma. Ukitaja mgongo peke yake utachomwa sindano ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Waombe wawasiliane na Ocean Road tarehe yako isogezwe mbele. Na shemeji, kama ana nafasi, ndiye akusindikize.