"Rangi ya Maji" Ina Nini? Polima za Akriliki na Suala la Istilahi Katika Kisii na Nyamira

Makala haya yanachunguza istilahi inayosikika kila siku katika maduka ya vifaa vya ujenzi huko Kisii na Nyamira, nayo ni "rangi ya maji". Dai letu ni kwamba istilahi hii hutaja kinachoondoka na kunyamazia kinachobaki, na kwamba mtumiaji ndiye anayelipia upungufu huo.

Kinachobaki ni polima, yaani molekuli ndefu iliyoundwa kwa kuunganisha molekuli ndogo nyingi (monoma) mithili ya shanga katika uzi mmoja. Monoma za akriliki ni jamaa ya asidi ya akriliki. Jina hilo nalo lina kasoro yake: chimbuko lake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kali", kutokana na harufu ya mafuta yaliyoungua. Nani amewahi kuinusa harufu hiyo ukutani?

Ndani ya kopo, chembe ndogo mno za polima huelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yanapokauka, chembe hukaribiana, hubanana, kisha huungana kuwa utando usioyeyuka tena majini. Kwa hivyo, anayeikataa rangi hii kwa hofu kwamba mvua itaiosha amepotoshwa na jina. Hata hivyo, hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Mvua ikinyesha kabla ya utando kukamilika, rangi huchuruzika. Na katika nyanda hizi mvua za alasiri si ajabu. Fundi mwenye busara hupaka asubuhi. Ikumbukwe pia kwamba si kila rangi ya maji ni ya akriliki. Nyingine hutumia polima za vinili.

Suala hili ni zito zaidi Tabaka, kunakochongwa jiwe la sabuni. Jiwe hili lina talki kwa wingi, madini laini yasiyopenda maji. Mchongaji akipaka akriliki juu ya vumbi la msasa au nta, utando haushiki, nao hubanduka kama ganda. Isitoshe, utando wa rangi hulainika kwa joto. Bakuli lililopakwa rangi ndani ni pambo. Lisitiliwe uji moto. Mnunuzi aliyeambiwa tu kwamba ni "rangi ya maji" atajuaje hayo?

Jamaa nyingine ya polima hizi huvaliwa. Sweta nyingi za shule hufumwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo kwa uzani ni akrilonitrili angalau asilimia 85. Ni nyepesi, hukauka upesi, hazipauki kwa urahisi juani, wala nondo hawazili. Lakini zikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mtoto anayeota moto jikoni asubuhi ya baridi huko Nyamira amevaa polima, ingawa nyumbani huitwa "sufu". Sufu halisi haiyeyuki hivyo.

Je, tuifute "rangi ya maji"? La. Istilahi iliyokwisha kukita mizizi sokoni haing'olewi kwa azimio la kamati. Tunachopendekeza ni kwamba vitabu vya shule viandike "rangi ya akriliki" pale polima inapojulikana, na "utando" liwe neno la kawaida la kile kinachobaki ukutani. Kuhusu sweta, lebo ya Kiswahili yenye maneno "nyuzi za akriliki, epuka moto" ingetosha.