Kaunti Mbili, Kituo Kimoja: Suala la Kushirikiana Data katika Eneo la Nairobi

Mtaa wa Githurai umeukalia mpaka wa kaunti za Nairobi na Kiambu. Majina ya sehemu zake mashuhuri, Githurai 44 na Githurai 45, hayakutoka kwa wazee wala kwa wapima ardhi. Yalitokana na nambari za njia za matatu. Abiria wa huko huuvuka mpaka huo kila asubuhi pasi na kuuona. Afisa wa mipango hana budi kuuona, kwani Katiba ya mwaka wa 2010 imeikabidhi kila kaunti usafiri wa umma wa barabarani katika eneo lake.

Ni kweli kwamba Kifungu cha 189 cha Katiba hiyo hiyo kinazitaka serikali zishirikiane na kuziruhusu kuunda mamlaka za pamoja. Mwaka wa 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri, NaMATA, kwa ajili ya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hata hivyo, kuunda mamlaka ni jambo moja. Kuwa na data inayosomeka kwa wote ni jambo jingine.

Ikumbukwe kwamba ramani ya njia za matatu za Nairobi iliyotolewa mwaka wa 2014 haikuchorwa na kaunti yoyote. Ni zao la mradi wa Digital Matatus, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakanakili vituo na njia zaidi ya 130, kwa ushirikiano na watafiti wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Data yenyewe iliachwa wazi kwa yeyote kuitumia. Muundo wa kimataifa uliotumiwa ulidai ratiba ya saa; matatu aghalabu huondoka ikijaa, hivyo muundo ukalazimika kurekebishwa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika, ingawa ni nadra kualikwa. Vituo vingi hupewa majina na utingo na abiria: Odeon ni jina la sinema ya zamani, Kencom ni la jumba. Chukulia kwamba kaunti moja imeandika Odeon na jirani yake ikaandika Latema, jina la barabara. Abiria hatapotea, lakini kompyuta itahesabu vituo viwili. Neno "steji" nalo lahitaji fasili: je, ni mahali palipoidhinishwa kisheria, au ni popote matatu inapozoea kusimama? Orodha mbili zinazotofautiana kuhusu jibu hilo haziwezi kujumlishwa, na anayeumia ni yule anayengoja gari Githurai saa kumi na moja alfajiri, mahali ambapo hapamo katika orodha ya upande wowote.