Pasaka na Siku ya Nane

Masomo: Yohana 20:19–29 na Yohana 21:1–17



Siku ya Pasaka kanisa hujaa. Watoto huja na nguo mpya, jamaa walioko Dar es Salaam na Mtwara hurudi nyumbani, na kwaya huimba mpaka sauti zikakauka. Jumapili inayofuata mabenchi ya nyuma yako wazi, na wale waliorudi wamekwisha panda basi. Twataka kuzungumza juu ya Jumapili hiyo ya pili, kwa kuwa Injili nayo yaizungumzia, nasi mara nyingi twaipita upesi.

Mtakatifu Yohana atuambia kwamba jioni ya siku ile ya kwanza wanafunzi walikuwa wamejifungia. Tuangalie vema. Maria Magdalene amekwisha kuwapa habari kuwa amemwona Bwana. Petro ameingia kaburini akaona sanda. Hata hivyo milango imefungwa kwa hofu. Habari njema imefika nyumbani, lakini bado haijaingia ndani ya watu. Ndipo Yesu akasimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Hakuwauliza walikuwa wapi siku ya Ijumaa. Aliwatuma, akawavuvia Roho, akawakabidhi neno la kuondolea watu dhambi. Basi zawadi ambayo kundi lile la waoga lilipewa jioni ya Pasaka ilikuwa msamaha, tena msamaha wa kuwapa wengine.

Lakini Tomaso hakuwapo. Injili haisemi alikuwa wapi, nasi tusimbunie sababu. Watu wamezoea kumwita mwenye shaka, na sisi twaona jina hilo lamwonea kidogo, maana hata wenzake walifurahi pale tu walipokwisha kuona. Jambo la kushika ni kwamba juma zima Tomaso alikataa maneno ya wenzake, na wenzake hawakumfukuza. Siku ya nane yumo ndani pamoja nao. Kama wangalimwambia atoke kwa kuwa haamini, angalikuwa wapi Bwana alipokuja mara ya pili? Na alipokuja, alimgeukia yule mmoja, akamwonyesha majeraha.

Majeraha hayo hayakufutika kwa kufufuka. Twalisema hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba kanisa lililofanywa upya ni kanisa lisilo na kovu. Tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale pale pa soko. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka hapa Lindi akiwa na watu zaidi ya 50 waliotolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, akapanda nao bara. Kwa miaka mingi njia za kusini zilikuwa zimeshusha mateka kuja pwani; safari hii watu walipanda wakiwa huru. Nia ilikuwa kwenda mbali zaidi, upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi, chini ya yale majabali, wakakaa papo hapo.

Je, mambo yakawa mepesi? La. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Watu waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini uchungu huo katika kijiji kilichoanzishwa na watu waliokwisha kuonja utumwa! Padre W. C. Porter alifunga safari kwenda kuwatafuta waliochukuliwa. Mwaka huohuo Askofu Steere alifariki Unguja. Kisha mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, watu wa kusini walipoinuka kupinga utawala wa Wajerumani, misheni ya Masasi iliteketezwa kwa moto. Ikajengwa tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi. Sisi tunaokaa Mtanda tu watoto wa kanisa hilo lililoungua.

Wala isidhaniwe kuwa Aleluya hufukuza tufani. Mwaka 1952 Pasaka iliangukia 13 Aprili, na tarehe 15, katika juma lile lile la sikukuu, kimbunga kikaupiga mji wa Lindi. Mwaka 2024 tulikuwa bado katika siku hamsini za Pasaka, mwanzo wa Mei, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa na barabara kuu ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga.

Sasa tumtazame Petro. Sura ya 21 ni rahisi kwetu watu wa pwani kuielewa. Wavuvi wamekesha baharini, nyavu ni tupu. Kulipokucha wakaona mtu amesimama ufukoni, na waliposhuka wakakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Msomaji mwangalifu atakumbuka kuwa Yohana amekwisha kutaja moto wa makaa mara moja kabla ya hapo, katika sura ya 18, uani mwa kuhani mkuu, ambako Petro aliota moto na kumkana Bwana wake. Sasa yuko tena mbele ya makaa, na anaulizwa mara tatu kama anampenda. Akahuzunika, na ilikuwa haki ahuzunike, maana kidonda kiliguswa. Yesu hakukificha, wala hakumtangaza Petro kuwa msaliti mbele ya wenzake. Alimpa kondoo awachunge.

Nasi twajua kwamba mtaani mwetu wako ambao hawasalimiani tangu yalipozuka maneno juu ya hesabu za michango. Wako pia walioacha kuja Misa kwa aibu, mmoja kwa mambo ya ndoa, mwingine kwa pombe, na kijana mwingine kwa sababu hana nguo nzuri. Ikiwa ndivyo, bado tunayo milango iliyofungwa, hata kama mshumaa wa Pasaka unawaka.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa na Umoja wa Mama wagawane majina ya wasioonekana. Waende wawili wawili kabla ya Pentekoste, na daftari la zaka libaki nyumbani. Wale wenye ugomvi waende wao wenyewe, pasipo kungoja kuitwa na Padre.

Katika vikundi vya juma hili zungumzeni swali moja: kwa nini Yesu aliwalisha kwanza, ndipo akamwuliza Petro?